Mvua ya Magharibi ya Ayalandi

Katika jumla ya faida za safari ni kumfanya mtu ayaone upya mambo aliyodhani anayajua. Mimi nilidhani naijua mvua, kwani nimezaliwa Pwani na masika hamsini na kitu yamenipitia. Hata mwanangu, ambaye kazi imemweka Ayalandi, aliponialika nimzuru, ndipo nilipojua kuwa mvua ina namna nyingi.

Alikuwa amekodi gari lililofanywa nyumba: mna vitanda viwili, jiko la gesi, meza na tangi la maji. Tukaishika njia ya ufuoni iitwayo Wild Atlantic Way, iliyofunguliwa kwa wasafiri mwaka 2014, nayo yapata kilomita 2,500, kutoka Kinsale kusini hata Malin Head kaskazini. Magari huko hupita kushoto kama kwetu, lakini barabara ni nyembamba, na mara nyingi tulirudi nyuma kuwapisha wenzetu.

Pepo za kusini-magharibi huvuka Bahari ya Atlantiki zikichukua unyevu, na zikiigonga milima huumwaga. Baadhi ya sehemu za magharibi hupata mvua kiasi cha siku 225 kwa mwaka. Nayo haina kishindo cha masika yetu. Hunyunya, ikapusa, ikanyunya tena. Majabali ya Moher, yenye kimo cha zaidi ya mita 200, tuliyafikia tusiyaone kwa ukungu; twasikia bahari tu ikivuma chini. Na lililonichekesha ni kuwa nje maji yamiminika, na sisi ndani twatawadha kwa kopo, tukichelea tangi lisituishie.

Siku ya tano, katika jimbo la Mayo, tulipita bonde la Doolough. Hapo pana msalaba wa mawe, ukumbusho wa wenye njaa waliopita Machi 1849 kwenda kuomba msaada kwa wakubwa, wakarudishwa mikono mitupu, na wengine wakafa njiani. Chakula cha mafukara wa nchi ile kilikuwa viazi, na maradhi ya viazi hustawi penye ubaridi na unyevu. Mvua ile ile iotayo majani ya ng'ombe ndiyo iliyoyaeneza. Baina ya 1845 na 1852 walikufa watu kiasi cha milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Sultani Abdulmejid wa Uturuki aliwapelekea pauni 1,000 mwaka 1847.

Sasa, ndugu msomaji, nikwambie siri yangu. Nilibeba maneno ya mama yake: nimwambie arudi. Niliazimia kuyasema usiku ule. Lakini yeye akanitangulia. Alisema kuwa jirani yake, mzee wa nchi hiyo, hakumwuliza ametoka wapi. Alimwuliza mama yake hupata khabari zake mara ngapi. Akanyamaza, kisha akakiri kuwa tangu Mfungo Mosi hajapiga simu nyumbani.

Basi maneno yangu nikayameza. Tuliegesha gari mahali penye mtandao, akampigia mama yake, wakazungumza hata chai yangu ikapoa, na mvua yapiga juu ya bati.

Wazazi wenzangu, riziki huwatawanya watoto, na si kila aendaye atarudi. Tumfunze mtoto, kabla hajafunga safari, kuwa khabari zake ni haki ya waliobaki.