Datsun Mbili, Alama 406

Jumamosi moja mvua ilitufungia ndani ya ukumbi wa vijana, na wavulana wakaanza ubishi wao wa kila siku: gari gani ni kali. Mimi napenda sana magari ya zamani. Nikachukua chaki, nikaugawa ubao mara mbili.

Kushoto niliandika Datsun 240Z. Silinda sita, cc 2,393, nguvu za farasi kama 150, viti viwili tu, uzito tani moja na kidogo, spidi karibu kilomita 200 kwa saa. Kulia nikaandika Datsun 1800 SSS. Silinda nne, cc 1,770, gari la kubeba baba, mama na watoto. Zote zina kabureta mbili, zote zinasukumwa na tairi za nyuma, na injini zao ni za ukoo mmoja.

"Kaka, hapo hakuna mashindano," wakasema.

Kwa karatasi, kweli hakuna. Nikawapeleka kwenye Safari Rally ya Pasaka, 1973. Pale hawakuhesabu nani ana spidi kubwa. Kila kituo kilikuwa na muda wake. Ukichelewa unaandikiwa alama za dakika zako, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Barabara ni vumbi, mawe na matope. Cc nyingi zinakusaidia njia ikiwa wazi, lakini ukizama kwenye tope, wote mnasukuma tu.

Shekhar Mehta aliendesha 240Z. Harry Källström, Mswidi, aliendesha 1800 SSS. Walipofika mwisho, kila mmoja alikuwa na alama 406. Sawasawa kabisa! Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza. Akawa Mehta.

Nikawaambia pia kwamba Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na familia yake ikakimbilia Kenya. Haukupita mwaka, akachukua kombe. Baadaye akalichukua tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Wote walifurahi, isipokuwa mmoja, wa miaka kumi na tano. Alifika kambini akiwa na miaka sita.

"Lakini kaka, hiyo kanuni si nzuri kwetu. Sisi alama za kwanza tulipata mapema sana."

Nilikosa jibu. Yale maneno ya semina, msikate tamaa, yalinifika mdomoni, nikayameza.

Usiku nikapiga hesabu. Källström ndiye alianza kupoteza alama, lakini alimaliza sawa na mwenzake. Maana yake, kuanzia pale Mehta alipopata alama yake ya kwanza mpaka mwisho, Källström alipoteza chache kuliko yeye. Na alikuwa kwenye gari dogo.

Jumamosi iliyofuata nilimwandikia hesabu hiyo ubaoni. Akaiangalia muda mrefu.

"Lakini kombe hakupewa."

"Hakupewa," nikasema. Sikutaka kumdanganya.

Akanyamaza. Halafu akachukua chaki, akaanza kuchora ile 1800 SSS, akaniuliza taa za mbele zilikuwa ngapi.