Mama Aliposahau Jina Langu

Umewahi kutazamwa na mama mzazi kana kwamba wewe ni mgeni? Mimi yamenifika. Mama ana miaka 79, na kwa miaka mitatu sasa ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Majirani walinong'ona kuwa ni laana. Nami kwa aibu nikaacha kukaribisha wageni.

Jumapili moja binti yangu aliniuliza, "Baba, na wewe utatusahau?" Nilikosa jibu, nikaanza kuuliza na kusoma.

Kumbe kule Antioquia, nchini Kolombia, kuna ukoo mkubwa ambao baadhi ya watu wake hushikwa na maradhi ya Alzheimer wangali na nguvu zao. Kumbukumbu huanza kupungua wakiwa na miaka 44 hivi, na karibu na miaka 49 akili huwa imewaponyoka. Huko nako wengine waliamini ni laana. Daktari Francisco Lopera, aliyefariki mwaka 2024, aliwafuatilia tangu miaka ya 1980. Mwaka 1995 chanzo kikajulikana: hitilafu ndogo mno katika jeni ya presenilini. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Ajabu ni kwamba jeni hiyo si adui. Mtoto akiwa tumboni, presenilini ni sehemu ya mkasi unaokata protini iitwayo Notch. Kipande kilichokatwa huingia katika kiini cha seli, kikaamsha jeni fulani, nazo hizo zikalaza nyingine. Ndivyo seli changa za ubongo zinavyozuiwa zisikomae zote mapema, zikaisha kabla ubongo haujajengeka. Panya wa maabara walioondolewa jeni hiyo hufa punde wazaliwapo.

Mkasi huo huo huendelea kukata protini nyingine maisha yote. Ukiwa na hitilafu, huacha vipande virefu vinavyonata na kurundikana ubongoni miaka mingi kabla ya dalili. Kilichotujenga ndicho kinachokuja kutubomoa!

Hata hivyo, usikate tamaa. Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa mama mmoja wa ukoo huo, mwenye hitilafu hiyo, alihifadhi kumbukumbu zake hadi miaka ya sabini. Alikuwa pia na badiliko jingine adimu la jeni, na wataalamu wanaamini ndilo lililomkinga. Isitoshe, aina hii ya kurithiwa moja kwa moja haifiki asilimia 1 ya wagonjwa wote wa Alzheimer. Mama yangu alianza kusahau akiwa amepita miaka 75, na wengi wa umri huo hawana aina hiyo.

Basi nilimjibu binti yangu: "Huenda nikasahau, huenda nisisahau. Lakini hii si laana, wala si kosa la nyanya yako."

Nawe msomaji, ukiwa na mzee wa namna hii, mpeleke kwa daktari, usimfiche chumbani. Kwetu wageni wamerudi. Mama akiniita kwa jina la mjomba, mimi huitika.