Moshi Mweusi Si Uzee

Motokaa ya petroli ikianza kutoa moshi mweusi, watu wa kijijini hukata shauri upesi: "Imezeeka, haina dawa." Mwenyewe naye huanza kuhesabu ng'ombe wake, auze wangapi apate injini nyingine. Mimi nimefanya kazi ya motokaa huku Karagwe na Kyerwa kwa miaka mingi, nami nasema uzee si ugonjwa. Moshi mweusi maana yake ni kwamba petroli inayoingia katika injini imezidi ile inayoweza kuungua. Anayetafuta sababu yake kwa utaratibu aghalabu huiona kabla hajauza hata mbuzi.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Kilo 1 ya petroli yahitaji karibu kilo 15 za hewa ipate kuungua yote. Hewa ikipungua, petroli nyingine hugeuka masizi. Akina mama wanalijua jambo hili: ziba mahali jiko linapovutia hewa, na kuni zile zile zilizokuwa zikiwaka vizuri zitaanza kufuka moshi. Motokaa mpya za siku hizi hazina kabureta, hupimiwa petroli kwa kompyuta. Lakini zile za zamani bado zinayo, na pikipiki nyingi za vijijini pia.

Nchi yetu nayo ina neno lake. Dar es Salaam iko pwani. Ziwa Viktoria pale Bukoba liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukipita Kyaka ukaanza kupanda, utakuta vilima vingi vya Karagwe vimepita mita 1,500. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Penye mita 1,600 imepungua karibu sehemu 15 katika 100. Lakini kabureta iliyopimwa pwani haijui kama imepanda mlima, yaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyozoea. Jambo hilo peke yake halileti moshi mwingi, ila huifanya injini iwe kama mtu aliyekwisha kushiba: ukimwongezea tonge moja tu, atatapika. Tena kwetu msimu wa kahawa ndio msimu wa vumbi. Kuanzia Juni mpaka Agosti magari hupita katika wingu jekundu, na vumbi lile huziba njia ya hewa.

Jirani yangu mmoja wa upande wa Kyerwa, wilaya iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ana pikapu ya zamani ya petroli. Mchana hubeba magunia ya kahawa. Usiku watu hubisha hodi kwake wapelekewe wagonjwa Isingiro au Nyakahanga. Mwaka mmoja pikapu ile ikaanza kufuka moshi na kunywa petroli kupita kiasi. Usiku mmoja, ikiwa imembeba mama mjamzito, ilizima kilimani ikakataa kuwaka. Vijana wakaisukuma kwenye mteremko hata ikashika. Mama alifika salama akajifungua, lakini tangu siku ile watu wakaogopa kuipanda.

Fundi mmoja wa mjini akamwambia, "Mzee, injini imekwisha, nunua nyingine." Jirani akawa tayari kuuza kipande cha shamba la kahawa, lile lile lililosomesha watoto wake. Mkewe ndiye aliyesema, "Baba, shamba likienda halirudi. Mwite kwanza jirani aitazame."

Nikaenda Jumamosi asubuhi. Tuliyoyafanya ni haya.

Kwanza tulitazama rangi ya moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ndipo aghalabu injini yenyewe huwa imechakaa. Mweupe mzito, usiokoma hata injini ikipata joto, mara nyingi ni maji. Mweusi ni petroli. Wake ulikuwa mweusi. Tukafungua plagi, zote nne zina masizi makavu, meusi kama tako la chungu. Nikamwambia, "Mzee, shamba usiliuze bado."

Pili tulitazama choki, kile kisahani kinachozuia hewa asubuhi injini ikiwa baridi. Waya wake ukikwama, motokaa hutembea kutwa kama mtu aliyezibwa pua. Ule wa jirani ulikuwa mzima.

Tatu, chujio la hewa. Lake ni la namna ya zamani, lenye bakuli la oili chini. Oili ilikuwa imegeuka tope jekundu na kupita alama. Tukaliosha kwa mafuta ya taa, likakauka, tukatia oili mpya mpaka kwenye alama. Moshi ukapungua, lakini haukwisha.

Nne, tulipima cheche za plagi, kwa maana cheche dhaifu huacha petroli bila kuungua, na masizi yake ni yale yale. Zilikuwa nzuri. Hapa ndipo wengi huchoka, wakachukua bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu ya kabureta. Skrubu ile hutawala tu mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Tena kabureta hazifanani: nyingine ukiilegeza skrubu waongeza petroli, nyingine waongeza hewa. Iacheni mpaka mwisho.

Tano, tulifungua kabureta. Ndani yake mna kikombe cha petroli, na humo huelea floti, kama boya la wavuvi. Petroli ikipanda, floti hupanda nayo na kusukuma sindano izibe njia. Floti ile ilikuwa ya shaba. Nikaitikisa karibu na sikio, nikasikia petroli ikicheza ndani. Ilikuwa imetoboka, imekuwa nzito, haielei vema, na petroli ikapita bila bawabu.

Tukaitumbukiza katika maji ya moto, mbali na jiko. Viputo vikatuonyesha tundu, dogo kama ncha ya sindano. Tuliitoa petroli yote na kuikausha floti kabisa kabla ya kuitia lehemu, kwani floti yenye mvuke wa petroli ikipata moto huweza kulipuka. Lehemu yenyewe ilikuwa kidogo sana. Ikizidi, floti huwa nzito na ugonjwa hurudi. Sindano ilikuwa imelika nchani, tukanunua mpya. Vitundu vya kupitishia petroli tulivipuliza tu kwa pampu. Msivichokoe kwa waya, maana tundu likipanuka halipungui tena.

Jambo la mwisho lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, nikanusa: petroli tupu. Tena oili ilikuwa imepanda kupita alama, ingawa hakuna aliyeiongeza. Huu ndio ubaya wa kungoja. Petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha hushuka chini na kuifanya oili iliyobaki kuwa nyepesi kama maji, hata chuma kikasugua chuma. Jirani angalingoja miezi kadhaa, maneno ya yule fundi yangalikuwa kweli. Tukamwaga oili yote, tukatia mpya, ndipo tukarekebisha ile skrubu. Pikapu ikawaka, moshi hakuna. Gharama yake ilikuwa sindano, oili na plagi. Shamba lipo mpaka leo, na wagonjwa bado wanapelekwa.

Ndugu wasomaji, kazi hii ifanyeni nje, mchana, injini ikiwa baridi, bila sigara wala kibatari, watoto wakae mbali. Msinyonye petroli kwa mdomo, kwani ikiingia katika mapafu huweza kuua. Na motokaa yenye kabureta ikilewa petroli njiani, irudisheni choki, kanyageni mafuta mpaka chini bila kupigapiga, kisha washeni. Hewa itaingia, petroli iliyozidi itatoka.

Zaidi ya hayo, wekeni daftari ndani ya gari. Kila mkitia petroli andikeni lita ngapi, na safari gani. Siku mtakapoona njia ile ile, kwa mzigo ule ule, inakula lita nyingi zaidi, msingoje kuona moshi. Na fundi akiwaambia injini imekwisha, mwulizeni kwa adabu kama ameitazama floti na kuinusa oili. Akisema hajatazama, ng'ombe na abaki zizini kwanza.