Kuni za Mzeituni wa Mwitu

Katika nyanda za juu za Kenya uko mti ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien. Kwa Kiswahili ni mzeituni wa mwitu. Mti huu ni mgumu ajabu, tena mzito. Hata ukikauka uzito wake hukaribia ule wa maji. Hukua polepole mno, wala hakuna mkulima aupandaye kwa kutazamia kuni za maisha yake mwenyewe. Basi upepo ukiuangusha shambani, mwenye shamba amepata akiba kubwa, nayo ni akiba ipoteayo kwa urahisi.

Mara nyingi gogo huachwa lilivyo, na magome yake, mwaka mzima. Mwenyewe akiona nyufa mwishoni husema, “Limekauka.” Wapi! Maji ya mti hupita katika mishipa iliyolala kwa urefu wake, nayo hutoka kwenye ncha zilizokatwa upesi kuliko ubavuni, na gome huyazuia zaidi. Gogo refu laweza kuwa kavu kwa nje na bichi moyoni. Likitiwa mekoni, sehemu ya moto wake hupotea kwa kuchemsha maji hayo kabla ya kuchemsha ya sufuria. Moshi unaobaki huingia machoni na mapafuni mwa mama na mtoto aliye mgongoni. Anayelipa si yule aliyeshika shoka.

Kazi hii ifanywe mti ungali mbichi. Ukishakauka mzima, shoka huruka kama limepiga jiwe. Gogo likatwe kwa msumeno vipande vifupi vya kutosha meko, kisha vipasuliwe juma lile lile. Asiyezoea hupiga katikati kwa nguvu zake zote, akavunja mpini. Mzoefu hutafuta ufa ulioanza wenyewe, akaanzia ukingoni, akitoa kipande kimoja kimoja kuelekea moyoni. Penye ukaidi hutia kabari ya chuma, na ikizama hutia ya pili mbele yake ili kuifungua ya kwanza. Mabavu hapa hayana heshima kubwa.

Wakati mwema ni Desemba mvua za vuli zikiisha, ili kuni zipate jua la Januari na Februari kabla ya masika. Zipangwe juu ya mawe au fito mbili, zisiguse udongo; juu ziezekwe bati, na pande zote ziachwe wazi kwa upepo. Wengine huzifunga gubigubi kwa karatasi ya nailoni, zikatoa jasho na kuota ukungu. Vipande vya unene wa mkono huhitaji karibu mwaka mmoja. Vinene zaidi, hata miwili.

Kuni kavu zikigonganishwa hulia kwa sauti kali, na mbichi hutoa mshindo mzito. Karani apendaye hesabu aweza kuweka alama kwenye kipande kimoja na kukipima kila mwezi kwa mizani ya duka. Uzito ukiacha kushuka miezi miwili ya kiangazi, kuni zi tayari.

Mafundo yaliyoishinda kabari hayatupwi. Hutengwa pembeni miaka miwili au mitatu, yakingoja usiku wa matanga, moto utakapotakiwa kudumu hata alfajiri.