Ualimu Bila Ubao

Nilipowaambia nyumbani kwamba naacha kufundisha hisabati shule ya msingi niende kwenye kampuni inayotengeneza masomo ya kwenye simu, mjomba aliuliza jambo moja tu: "Na pensheni?" Hakukosea kuuliza. Ajira ya serikali hapa kwetu watu huiombea dua, na mwenye nayo akiiacha kwa hiari yake, ukoo hukaa kikao. Walimu wenzangu nao walikuwa na lao: eti nimekimbia vumbi la chaki na madaftari ya kusahihisha. Hilo la madaftari sikulikana.

Kompyuta haikunisumbua sana. Vijana wa ofisini walinielekeza bila kunicheka. Kilichonielemea ni ukimya. Darasani, hata watoto wakibanana wanne dawati moja, mwalimu hufundisha huku akisoma nyuso: yule aliyeacha kuandika, yule anayechungulia daftari la jirani, yule anayeitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti kubwa ili asiulizwe. Ofisini nilikuta majedwali. Yanakuonyesha wangapi wamefungua somo, wangapi wamelimaliza na wangapi wamepata. Uso huuoni.

Chukua mfano wa hesabu za sehemu. Mtoto anaulizwa nusu jumlisha theluthi, anaandika 2/5. Programu yetu ilikuwa ikimwambia, "Si sahihi, jaribu tena," naye akijaribu tena anaandika 2/5 ileile. Mwalimu yeyote wa hisabati anajua jibu hilo limetoka wapi: mtoto kajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, akaona kazi imekwisha. Kumrudisha kwenye swali lilelile ni kumchosha bure. Muulize: kati ya nusu na hiyo 2/5, ipi kubwa? Akiona amejumlisha halafu akapata pungufu ya alichoanza nacho, atashtuka mwenyewe na kurudi kwenye hesabu yake. Nililipeleka suala hilo kwa waandishi wa programu, tukakaa nalo mchana kutwa. Siku hizi anayejibu 2/5 hupewa swali lake, na anayejibu 1/6, yaani aliyezidisha, hupewa lake. Katika yote niliyofanya tangu nihame, hiyo ndiyo kazi ninayojivunia zaidi, na niliijulia darasani.

Wanaodhani teknolojia ya elimu ilikuja na simu janja wawaulize wazee wao habari za kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973, Redio Tanzania ilirusha masomo ya afya nchi nzima, na watu wazima wapatao milioni mbili wakayasikiliza wakiwa kwenye vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kulikuwa na vitabu vya kusoma pamoja. Kipindi kikiisha, mazungumzo ndiyo yanaanza: choo chetu kiko wapi, maji haya tunayachemsha? Watu walitoka hapo wakaenda kuchimba vyoo. Bila yule kiongozi kingebaki kipindi cha redio tu, na vipindi vya redio watu husikiliza huku wakimenya ndizi.

Kampeni hiyo hunijia kila ninaposikia mtu akisema vishikwambi vitamaliza uhaba wa walimu. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 waligawiwa walimu, na mimi nasema heri. Lakini kishikwambi hakijui ni nani leo amekuja shule bila kunywa chai. Na huko nyumbani, mara nyingi simu ni moja, ni ya baba, nayo hurudi naye usiku ikiwa na chaji kidogo na bando limekwisha. Ndiyo maana kwenye vikao huwa mbishi kuhusu video ndefu. Somo liwe jepesi, lipakuliwe mara moja, lisomeke bila intaneti. Wenzangu wamenizoea, nikinyoosha mkono tu wanajua nitasema nini.

Mwalimu mwenzangu unayefikiria kuhama, kabla hujasaini mkataba, dai uandikwe ndani yake muda wa kwenda shuleni mara kwa mara, ukae dawati la nyuma utazame watoto wakitumia kile ulichotengeneza. Mwajiri akikuambia takwimu zinatosha, tafuta mwingine.