Jiwe haiko sombe

Wengi wananicheka kwa sababu natembea na kichupa cha mafuta ya mashini ya kushona kila mara tunaponoa patasi. Basi nitawaeleza.

Wakati wa vakansi nilikuwa kwa baba mdogo, kule Butembo. Yeye ni seremala, naye ana jiwe moja tu la kunolea, lile la kijivu lenye pande mbili, moja ya kukwaruza na moja laini. Kulitunza ilikuwa kazi yangu. Siku moja mafuta yakaisha. Nikaona haya kuomba feza, nikaingia jikoni, nikachukua mawese ya mama mdogo na kulipaka jiwe pande zote. Liling'aa kweli!

Usiku ule mtoto wa jirani akafariki. Saa kumi na mbili ya asubuhi baba yake alikuwa mlangoni kuomba sanduku, maziko yawe siku ileile. Baba mdogo akashika chuma cha randa akitaka kukinoa. Chuma kikateleza tu. Kwetu asubuhi kuna baridi, na mawese yalikuwa yameganda, yameziba vitundu vyote vya jiwe.

"Uliweka nini hapa?"

"Mawese, baba."

Hakunipiga. "Jiwe haiko sombe, mutoto wangu," ndiyo maneno yake tu. Yule jirani alikuwa amekaa juu ya mbao, anatutazama. Heri ningepigwa.

Tukalilaza jiwe katika petroli ya taa, mbali na moto, tukasugua kwa brosi, tukafuta kwa kitambaa, tukarudilia mara tatu. Petroli ikawa nyekundu, kisha nyeusi. Karibu saa nne chuma kikaanza kukata. Sanduku lilimalizika saa nane. Waombolezaji walikuwa wamekwisha kuimba nyimbo zao zote na kuanza tena.

Jioni baba mdogo akanifundisha. Mafuta hayanoi chuma. Kazi yake ni kubeba vumbi la chuma lisiingie katika vitundu. Kwa hiyo yawe mepesi: ya mashini ya kushona, ama petroli kidogo ukikosa. Mafuta ya kupikia, hata yasipoganda, yakikaa siku nyingi yanakuwa kama gundi. Ukimaliza kunoa, pangusa ule uchafu mweusi, usiuache ukauke. Na jiwe linalonolewa kwa maji usilitie mafuta hata siku moja, maana maji hayatashika tena vizuri.

Tena jiwe huliwa katikati. La baba mdogo limekwisha kuwa kama kijiko, na chuma cha randa kinatoka na mdomo wa mviringo. Vakansi ijayo tutalisugua juu ya sementi iliyo sawa, kwa mchanga na maji, mpaka lile shimo liishe. Mawese ya mama mdogo, hayo sijalipa bado.