Maji ya Rujewa Yanakwenda Wapi?

Rujewa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katika Mkoa wa Mbeya. Mji huu uko kando kidogo ya barabara kuu iendayo Zambia. Reli ya TAZARA nayo inapita hapa. Msafiri anayetoka Makambako huacha baridi nyuma yake. Huteremka mpaka nchi tambarare yenye joto. Nchi hii inaitwa Bonde la Usangu. Wakati wa mvua majaruba ya mpunga huonekana kila upande.

Je, mpunga huu unapata wapi maji? Na maji hayo yakipita Rujewa yanakwenda wapi? Ndugu msomaji, tuyafuate.

MAJI YANATOKA MILIMANI

Kusini mwa Usangu iko milima ya Uporoto na Kipengere. Huko mvua ni nyingi. Mahali pengine hufika milimita 1,500 kwa mwaka. Bondeni mvua ni nusu ya hiyo, au pungufu. Kwa hiyo watu wa bondeni wanaishi kwa maji ya mlimani.

Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala inateremka kutoka milimani na kuungana na Mto Ruaha Mkuu. Mto Ndembera unakuja kutoka upande wa Iringa.

Nchi hii ni ya Wasangu. Wabaluchi waliohamia hapa walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulima mpunga kwa mifereji. Baadaye walikuja wakulima kutoka milimani na wafugaji kutoka kaskazini. Katika miaka ya 1970 Serikali ilianzisha shamba kubwa la mpunga la Mbarali, kwa msaada wa China. Kisha likaja shamba la Kapunga. Mifereji ikawa mingi.

BESENI LA IHEFU

Maji yanayopita mashambani huenda mpaka Ihefu. Ihefu ni eneo oevu, yaani nchi ya maji na matete. Kuna samaki, viboko, mamba na ndege wa aina nyingi.

Ihefu ni kama beseni kubwa. Ukingo wa beseni hilo ni mwamba ulioko mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakipanda juu ya mwamba, Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake. Maji yakishuka chini ya mwamba, mto unakatika. Beseni linaweza kuwa na maji bado, lakini hata tone halitoki.

Hayo yalitokea mwaka 1993. Mto ambao wazee waliujua kuwa wa mwaka mzima ulikatika wakati wa kiangazi. Tangu hapo umekatika karibu kila mwaka. Mara nyingine hukatika kwa wiki chache, mara nyingine kwa miezi.

Chini ya Ng'iriama iko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto ukikatika, viboko husongamana katika madimbwi machache. Samaki hufa. Tembo huchimba mchanga wakitafuta maji. Mbele zaidi liko bwawa la Mtera, lililomalizika mwaka 1980. Kisha kuna mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975. Halafu maji huingia Mto Rufiji, na mwisho Bahari ya Hindi. Kwa hiyo maji ya Rujewa ni maji ya watu wengi.

NI KOSA LA NANI?

Watu wengi waliwalaumu wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao. Ilikuwa safari ya taabu, na mifugo mingi ilipotea. Mwaka 2008 Ihefu iliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Hata hivyo, mto uliendelea kukatika.

Wataalamu walipima maji ya mito na ya mifereji. Waliona kwamba sababu kubwa ni maji yanayochotwa na mifereji wakati wa kiangazi. Masika mito ina maji mengi, na mifereji haiwezi kuyamaliza. Lakini kiangazi mto una maji machache. Mfereji mmoja ukiachwa wazi huchukua kidogo. Mifereji mingi ikiachwa wazi humaliza mto.

Mara nyingine mpunga umekwisha kuvunwa, lakini lango la mfereji bado liko wazi. Maji yanatembea shambani bila kazi. Mengine yanazama, mengine yanakaushwa na jua. Si kwamba watu wa vijiji hivyo ni wabaya. Familia nyingi hazina maji mengine ya kunywa na kufulia ila ya mfereji. Ukiwafungia lango bila kuwachimbia kisima, watalifungua usiku.

JOTO LA DUNIA

Wengine husema, "Ni hali ya hewa tu." Ni kweli kwamba joto la dunia linaongezeka. Mbali sana kaskazini, juu ya nchi ya Norwei, iko Bahari ya Barents. Zamani sehemu kubwa ya bahari hiyo ilifunikwa na barafu wakati wa baridi. Sasa barafu inapungua. Samaki waliozoea maji ya baridi kali wanarudi nyuma, na samaki wa kusini wanaingia mahali pao.

Mvuvi wa kule hana lango la kufunga ili joto lisiingie baharini mwake. Sisi wa Usangu tunalo lango. Joto likizidi na mvua ikichelewa, lango hilo litakuwa na maana zaidi.

TUFANYE NINI?

Kila mfereji una watu wake. Wakutane kabla ya kiangazi. Wapange zamu za maji, na walio mwisho wa mfereji wasisahauliwe. Waanze vitalu pamoja, ili maji yasichotwe miezi mingi kwa ajili ya mashamba machache. Mavuno yakiisha, lango lifungwe. Vijiji visivyo na visima vidai visima, kwa sababu hiyo ni sehemu ya kuuponya mto. Wenye mashamba makubwa wafuate kibali chao cha maji kama mkulima mdogo anavyotakiwa. Na tusilime mpaka ukingoni mwa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60.

Maji yanayorudi mtoni hayapotei. Yanajaza beseni la Ihefu. Beseni likijaa, maji yatapita juu ya mwamba wa Ng'iriama, na jirani wa chini atapata fungu lake.